Matabishi: kutoka mnyoo wa tumboni hadi nyongeza ya sokoni

Matabishi ni kitu kinachotolewa juu ya kile ambacho kimekwisha kulipiwa. Sokoni Kamina, katika jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo, mnunuzi wa ndagala humwangalia muuzaji akijaza kopo hadi samaki waanze kuporomoka pembeni, wamiminwe mfukoni, pesa zitolewe. Mfuko haufungwi. "Mama, matabishi!" Muuzaji huchota tena, safari hii kwa ncha za vidole, si kwa kopo. Ndagala chache hizo ndizo matabishi. Akizinyima hajamdhulumu mtu, kwani kipimo kilikuwa kamili. Ila kesho mteja huenda akasimama kwenye meza ya jirani.

Neno lenyewe ni la Kireno, mata-bicho: mata ni "huua", bicho ni mdudu au mnyama mdogo. Wareno waliita hivyo tone la pombe kali linalonywewa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa imani kwamba linamuua mnyoo anayesumbua tumboni. Wafaransa nao wana msemo wao wa "kumuua mnyoo" wenye maana hiyohiyo. Mswahili hana haja ya kuwacheka: kwake chango ni utumbo, ni mnyoo, na ni maumivu ya tumbo pia.

Kutoka pombe hadi pesa njia si ndefu. Mtu aliyefanya kazi ya ziada alipewa tone la kunywa. Pombe isipokuwepo, alipewa sarafu ya kuinunulia, na jina likahamia kwenye sarafu. Pourboire ya Kifaransa, yaani "ya kunywea", ilipita njia hiyo, sawa na chai ya Nairobi na Dar es Salaam, ambayo mara nyingi haina majani wala sukari. Katika Kongo ya Wabelgiji neno hili liliandikwa matabiche, na Kifaransa cha huko kikalizalishia hata kitenzi, matabicher, kumpa mtu matabishi.

Kireno hakina ngeli, lakini bahati ya silabi ya kwanza ilitosha. Ma- ya mata ilisikika kama ma- ya malipo na mafuta, na neno likapata makao katika ngeli hiyo bila kubadilishwa sana. Kilingala hulitamka matabisi. Kamina matamshi yote mawili yana wenyewe: raia wengi husema Kiswahili na Kiluba, ilhali Base ya Kamina, kituo cha kijeshi kilichojengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ni ya jeshi ambalo limetumia Kilingala tangu enzi za Force Publique, jeshi la wakati wa ukoloni.

Maana iliyochafua jina ni ya tatu: rushwa. Karani anayechelewesha karatasi haombi rushwa. Anauliza matabishi yake yako wapi. Neno ni lilelile la muuza ndagala, na ndiyo faida yake kwa mwombaji, kwa sababu humvika mla rushwa nguo ya ukarimu. Tofauti iko kwenye wakati na kwenye hiari. Matabishi ya soko huja baada ya haki kutimizwa, na hutoka kwa anayeuza. Ya ofisini hudaiwa kabla, na haki yenyewe huzuiliwa hadi yatoke. Tanzania iliwahi kuingia katika utata wa namna hii kwa neno takrima: sheria ya uchaguzi ilimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006.

Nyongeza ya sokoni ina majina mengine jirani. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, huitwa mbasela. Bakshishi, neno la asili ya Kiajemi, ni la hotelini na bandarini zaidi kuliko la genge la nyanya.

Msumbiji, neno lilibaki karibu na tumbo. Huko mata-bicho ni kifungua kinywa, na mgeni kutoka Kamina akikaribishwa mata-bicho asubuhi, ataletewa chai na mkate.