Dawa ya kupunguza tumbo: tusinywe kwa siri

Hapa Birere dawa za kienyeji hazikosekani. Muuzaji anatandika kitenge chini, anapanga mizizi, unga na chupa. Hii ni ya minyoo, hii ni ya mgongo, na kuna ile ambayo mama wengi wanauliza bei yake kwa sauti ya chini: ya kupunguza tumbo. Juma hili tuulize: inapunguza nini hasa?

Tuanze na ile inayoharisha. Chai nyingi za kupunguza uzito zina majani ya sene, ambayo watu wa pwani wanaita sanamaki. Sene inafanya kazi katika utumbo mkubwa. Lakini nguvu ya chakula, yaani sukari na mafuta, imekwisha kuingia mwilini tangu utumbo mdogo. Kinachotoka ni maji na choo. Mizani itaonyesha kilo zimepungua, na ukinywa maji zinarudi. Ukiendelea kwa muda mrefu, mwili unapoteza potasiamu, chumvi ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa.

Mubirizi je? Majani yake machungu tunayajua tangu kwa bibi zetu, kwa homa na kwa tumbo. Wataalamu wameyajaribu kwa panya na kuona yanashusha sukari ya damu. Hilo halimaanishi kwamba yanayeyusha mafuta ya mtu. Tena, mama mwenye ugonjwa wa sukari akichanganya mubirizi na vidonge vyake, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, akaanguka. Tangawizi na limau katika chai havina ubaya kwa wengi wetu, lakini mafuta haviyachomi.

Wengine wanasema: "Ni majani tu, hayawezi kudhuru." Tukumbuke yaliyotokea Ubelgiji. Kuanzia mwaka 1990, wanawake waliotaka kupungua walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina huko Brussels. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina la kufanana, Aristolochia, ambao ni sumu ya figo. Mwaka 1992 madaktari walianza kuona figo za wanawake vijana zikikauka. Zaidi ya 100 waliathirika, na baadhi yao walipata kansa baadaye. Kama kosa hilo lilipita katika vidonge walivyopewa huko Brussels, chupa isiyo na jina tutaiaminije?

Kwetu mama aliyenona husifiwa kwamba anatunzwa vizuri, na akikonda majirani wanauliza ana ugonjwa gani. Ndiyo maana wengi wanakunywa kwa siri. Siri hiyo ndiyo hatari, kwa sababu muuguzi hajui uko unachanganya nini.

Tufanye hesabu kidogo. Gawanya kilo zako kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa mita 1,60 mwenye kilo 80: 1,60 × 1,60 ni 2,56, na 80 ukigawanya kwa 2,56 ni 31. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kutibiwa. (Mwenye mimba asitumie hesabu hii.) Mama huyo akipunguza kilo 4 tu, polepole, mara nyingi presha na sukari zinaanza kuwa nafuu.

Namna gani? Bugali ipungue kwenye sahani, lengalenga na maharagi viongezeke. Sombe tuipike kwa mawese kidogo. Soda na ndazi za kila asubuhi zipumzike. Safari ya sokoni tuende kwa miguu, mahali pa motari.

Na kama umekwisha kuanza dawa ya kienyeji, ibebe na chupa yake hadi kituo cha afya. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye presha, sukari au figo asionje kabla ya kuuliza. Na vidonge vya daktari visiachwe kwa ajili ya ahadi ya muuzaji.