Je, Wajua? Msafiri wa Kanyenye na Majira ya Maji

Je, wajua kwamba mtu wa Kanyenye, mjini Tabora, aliyefuata njia ya kale ya misafara hadi Ujiji akapanda chombo katika Ziwa Tanganyika, hakuwa na haja ya kungoja maji yajae, kwa kuwa kujaa na kupwa kwake humo ni kudogo hata jicho halikutambui, ilhali aliyeshika njia ya mashariki hadi Bagamoyo, akikusudia kuvuka kwenda Unguja, hakuwa na budi kuitii bahari, ambayo hujaa takribani mara mbili kwa siku, ikichelewa dakika 50 hivi kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita 4?

Lakini kigegezi hakibagui ziwa wala bahari, maana asili yake ni kuhitilafiana kwa habari ambazo macho na sikio la ndani huupelekea ubongo. Basi msafiri mwenye busara hula chakula chepesi, huketi katikati ya chombo, pasipotikisika kama omo na tezi, hukaza macho kwenye upeo wa maji, na hutafuna tangawizi kidogo mapema, kabla tumbo halijachafuka.