Je, Wajua? Gari la Umeme Lililotoka kwa Wakodishaji, Likafika Mwisho wa Reli

Je, wajua kwamba herufi moja tu inaweza kukuambia kama gari lako la Japani lilikuwa la mtu binafsi au la kukodisha? Namba za magari ya kukodisha kule hubeba herufi わ, isomekayo "wa". Baadhi ya maeneo hutumia pia れ, yaani "re". Teksi zenyewe zina kibao cha kijani. Vibao hung'olewa kabla gari halijapanda meli, kwa hiyo likishuka bandarini Dar es Salaam huoni kitu. Lakini namba ya zamani hubaki kwenye hati ya kufutiwa usajili ili gari liuzwe nje, na karatasi ya mnada ina sehemu ya historia ya matumizi. Mwombe wakala nakala za zote mbili kabla hujatuma hela. Akikwambia hazipatikani, tafuta gari lingine.

Kuwa la kukodisha si aibu ya gari. Kampuni za namna hiyo hupeleka magari sevisi kwa ratiba na hutunza kumbukumbu, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Upande wa pili ni kwamba gari hilo limeendeshwa na watu wengi wasio na uchungu nalo, na mara nyingi limechajiwa kwa chaji ya haraka ili lirudi kazini upesi.

Je, wajua kwamba Oktoba 2021 kampuni ya Hertz ya Marekani ilitangaza kuagiza Tesla 100,000, na Januari 2024 ikatangaza kuuza magari 20,000 ya umeme, karibu theluthi moja ya yote iliyokuwa nayo? Miezi michache baadaye hesabu ikapandishwa hadi 30,000. Hertz ililalamikia gharama za matengenezo baada ya ajali. Pia Tesla yenyewe ilishusha bei za magari mapya mwaka 2023, na thamani ya yaliyotumika ikaporomoka nayo. Sehemu ya magari hayo ilikodishwa kwa madereva wa Uber, kwa hiyo gari la miaka miwili lingeweza kuwa na kilomita za teksi. Kwa mtu wa Kigoma bei hizo zinavutia, lakini usukani wa Marekani uko kushoto, na sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Kulipita lori la mizigo njia ya Kasulu huku huoni mbele ni hatari ambayo punguzo la bei haliifidii.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kundi lake? Nairobi, mwaka 2018, huduma ya teksi ya NopeaRide ilianza kubeba abiria kwa Nissan Leaf, chini ya kampuni ya EkoRent yenye asili ya Finland. Ilifunga 2022. Madereva wake walithibitisha kwamba Leaf iliyotumika inaweza kufanya kazi ya kutwa katika mji wenye foleni na milima, mradi pawepo pa kuchaji.

Je, wajua kwamba biashara ya teksi za umeme ni ya zamani kuliko gari lolote la petroli lililowahi kukanyaga Ujiji? Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Miaka 26 tu baadaye, Agosti 1897, London ilikuwa na teksi za umeme barabarani, zilizobuniwa na Walter Bersey. Betri iliyokwisha ilitolewa kwa mtambo karakanani ikawekwa nyingine iliyojaa. Septemba mwaka huohuo dereva mmoja wa teksi hizo, George Smith, akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Kampuni ilikufa 1899. Matairi na betri vilichakaa upesi kuliko mapato yalivyoingia.

Je, wajua kwamba lipo gari la umeme lililotoka kwa wakodishaji ambalo hupaswi kulinunua hata kwa bei ya pikipiki? Paris, kati ya 2011 na 2018, huduma ya Autolib' ilikodisha Bluecar za kampuni ya Bolloré. Betri yake hufanya kazi ikiwa ya moto, nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi. Ukiliegesha bila kulichomeka, linakula umeme wake lenyewe ili lijipashe. Huduma ilipofungwa, mengine yaliuzwa kwa bei ya chini na mengine yakaachwa uwanjani karibu na Romorantin. Fikiria gari hilo Kigoma, siku umeme umekatika tangu asubuhi.

Sasa tuje kwenye gari ambalo kwa hakika utakutana nalo. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya uniti 24, uniti zilezile unazonunua kwa LUKU. Baadaye ikaja ya uniti 30, mwaka 2017 ya 40, na 2019 ya 62. Kwa macho, Leaf ya uniti 24 na ya 30 ni mapacha. Uliza ukubwa wa betri kwanza, rangi baadaye.

Je, wajua kwamba Leaf huonyesha uzee wa betri yake kwenye dashibodi? Upande wa kulia, pembezoni mwa kipimo cha chaji, kuna vipande 12 vidogo. Kipande cha kwanza hupotea betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 zaidi. Wengi wanasoma vipande vikubwa vya chaji na kusahau vidogo, kisha wanalipa bei ya betri nzima kwa betri nusu.

Na vipande hivyo vinaweza kudanganywa. Hasa kwenye matoleo ya mwanzo, kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vipande vyote 12 vikawaka tena, kisha vikaanza kupotea baada ya muda wa matumizi. Ndiyo maana fundi makini hatosheki na dashibodi. Huchomeka kifaa kidogo cha bluutufi kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, akafungua programu ya LeafSpy kwenye simu. Programu hiyo inaonyesha asilimia ya uzima wa betri, tofauti ya volti kati ya seli na seli, na idadi ya mara gari lilivyochajiwa kwa chaji ya haraka na ya polepole. Hapo ndipo historia ya ukodishaji inapojitokeza: gari la nyumbani huwa na chaji nyingi za polepole, gari la biashara huwa na za haraka. Kama ningelazimika kuchagua kipimo kimoja tu cha kununulia gari la namna hii, ningechukua hiki, niache kilomita, mwaka na ung'avu wa bodi.

Je, wajua kwamba Leaf hizi hazina mfumo wa maji wa kupoza betri? Joto ndilo adui wao. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, Arizona, walianza kuona vipande vikipotea mapema mno, na mwaka uliofuata Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri: miaka 5 au kilomita 100,000. Kwa magari ya miaka ile dhamana hiyo imekwisha zamani. Kuanzia toleo la 2015 kemia ya betri ilibadilishwa ili istahimili joto zaidi. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari, na joto la Kigoma haliufikii ukali wa jangwa la Arizona. Hata hivyo, usiliache gari juani likiwa limejaa chaji. Kivuli cha mwembe kinatosha.

Je, wajua kwamba namna mashine ilivyotunzwa na mwenyewe wa kwanza huishinda miaka yake? Wenyeji wa ziwa hili wana ushahidi unaoelea. Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Graf von Goetzen mwaka 1916, mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza waliiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Kila gari la mtumba liulizwe swali lilelile: aliyelitumia kabla yangu alilipaka grisi?

Tupige hesabu ya njia. Leaf ya uniti 24 yenye uzima wa asilimia 70 imebakiwa na uniti kama 17, yaani kilomita 110 hivi ukiendesha kwa upole. Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni kama kilomita 8. Unakwenda na kurudi mara kadhaa bila wasiwasi. Kasulu, inayokaribia kilomita 100, utafika roho mkononi, na usitegemee kukuta chaji ya haraka njiani. Tena haliwezi kujileta lenyewe kutoka Dar es Salaam: ni zaidi ya kilomita 1,200, chaji zaidi ya 10, kila moja ikidai usiku mzima kwenye soketi ya kawaida. Gharama ya kulipakia iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba gari likitembea kilomita 16 kwa siku, siku 26 za mwezi, litakula uniti 75 hivi? Nimehesabu uniti 18 kwa kila kilomita 100, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Uniti 75 ndicho kikomo cha mwezi cha mteja mdogo wa TANESCO anayelipa shilingi 100 kwa uniti. Gari peke yake linakimaliza kikomo hicho, kabla hujawasha taa. Kwa bei ya mteja wa kawaida, shilingi 292, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika kama 356, kilomita 100 zitakugharimu shilingi 6,400 hivi. Gari dogo la petroli linalotumia lita 7 kwa umbali huo, ukichukua lita kwa shilingi 3,000, linakula 21,000. Tofauti ni kubwa, na ndiyo inayolipa betri siku ikichoka.

Ila TRA nayo ina neno. Magari madogo yenye umri wa zaidi ya miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo Leaf ya 2012 inayoonekana rahisi mnadani inaweza kukufikia kwa bei ya toleo jipya zaidi lenye betri nzuri. Kikokotoo cha kodi cha TRA kipo kwenye tovuti yao. Tumia kwanza, agiza baadaye.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi gari la umeme Kigoma lingekuwa, kwa kweli, gari la dizeli? Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta za TANESCO, na mafuta yake yalisafirishwa kutoka mbali. Mwaka 2022 mkoa ulianza kuunganishwa na Gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi. Gridi hiyo sasa ina bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na kwenye mto Malagarasi, Igamba, umepangwa mtambo wa megawati 49.5.

Je, wajua kwamba milima ya Kigoma inakurudishia sehemu ya chaji? Ukishuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni, mota hugeuka kuwa dainamo na kurudisha umeme kwenye betri huku ikikusaidia kupunguza mwendo. Lakini betri iliyojaa kabisa haina pa kuweka umeme huo, na gari likitoka na asilimia 100 breki zitafanya kazi peke yake. Kama unakaa mlimani na unaanza siku kwa kushuka, chaji hadi 80 au 90.

Na kwa kuwa utachaji nyumbani, mwambie fundi umeme akague waya wa ethi wa nyumba yako kabla gari halijafika. Chaja nyingi zikikosa ethi hugoma, na zina haki.

Je, wajua kwamba gari lililozama kwenye mafuriko linaweza kuonekana safi kabisa? Baada ya kimbunga Ian kule Florida, mwaka 2022, magari ya umeme yaliyoingiwa na maji ya chumvi yalishika moto siku kadhaa baadaye. Kwetu, ziwa lilipopanda mwaka 2024 maji yaliingia mitaa ya Uvira na Bujumbura. Gari la umeme linalouzwa kwa haraka upande wowote wa ziwa baada ya msimu kama huo lichunguzwe chini ya zulia na ndani ya soketi ya chaji. Kutu mahali pasipofikiwa na mvua haina maelezo mengine.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya ziwa, katika mkoa wa Tanganyika wa Kongo ambao makao yake makuu ni Kalemie, kuna Manono, mojawapo ya hazina kubwa za lithiamu duniani? Upande wetu, kaskazini ya Kigoma, Kabanga huko Ngara kuna nikeli. Malighafi ya betri iko kandokando yetu, na betri zenyewe tunazinunua zikiwa zimekwisha kutumika Yokohama. Jambo hili linaniuma.

Na je, wajua kwamba betri iliyochoka kwenye gari haijafa? Nissan na Sumitomo walianzisha kampuni ya 4R Energy mwaka 2010 kwa kazi ya kuzitumia tena betri za namna hiyo, na tangu 2018 ina kiwanda Namie, Fukushima, kinachopima na kupanga upya moduli za Leaf. Betri ya uniti 24 iliyobakiwa na asilimia 60 bado inabeba uniti 14. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi hula 2.5 kwa siku. Fundi anayejua kazi yake akiifunga pamoja na sola, hizo ni siku 5 za taa, redio na friji ndogo, hata jua lisipotoka.