Akiba ya Mnyonge na Haja ya Dola

Ndugu msomaji, hapa kwetu Mlingotini, pwani ya Bagamoyo, mali haipatikani kwa kukaa kitako. Mvuvi hungoja upepo, na mama wa mwani hungoja maji yatoke ndipo aingie shambani kufunga mbegu kwenye kamba. Shilingi ikifika mkononi huwa imekwisha kulipiwa kwa mgongo. Kwa hiyo sikustaajabu, mwaka 2021, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja alipokuja barazani pa chuo changu akiwa na simu mkononi, akaniambia: "Maalim, mwanangu kaniletea fedha kutoka Dar es Salaam. Nimekwenda kuzitoa, nimekatwa kuliko siku zote. Nani kazichukua, na je, ni halali yake?"

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Tangu tarehe 15 Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo kwa wenye kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa kadiri ya kiasi. Sababu iliyotajwa ni kupata fedha za vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini. Watu walinung'unika, na Septemba ya mwaka uleule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 ikaenezwa hadi kwenye miamala ya benki. Manung'uniko yakazidi, na kuanzia Oktoba sehemu kubwa ya hiyo ya benki ikaondolewa. Hatimaye, katika bajeti ya mwaka 2023/24, tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa.

Ama swali la pili, nililichukua nikaenda nalo nyumbani. Maana tozo yetu ilikata fedha zikiwa safarini, na ziko nchi zilizokata hata fedha zilizolala.

Tuanze na jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1987 nchi ile ilikuwa imetoka vitani, hazina imekauka, na bei za vitu zilikuwa zikipanda zaidi ya maradufu kwa mwaka. Mwezi wa Mei Serikali ikabadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Hilo peke yake lisingemdhuru mtu, kwa kuwa bei nazo huandikwa upya. Lakini pamoja na mabadiliko hayo ilitozwa kodi ya asilimia 30. Basi aliyekuwa na shilingi 100,000 za zamani, ambazo zingekuwa 1,000 mpya, alipata 700 tu. Aliyeweka benki alikatwa, na aliyeficha chini ya godoro alikatwa vilevile siku alipokwenda kubadilisha. Fedha zikakusanywa, lakini kitu kingine kikapotea: watu wakaziogopa benki kwa muda mrefu.

Tutazame pia kisiwa cha Cyprus, ambacho Waislamu hukikumbuka kwa kaburi la Bibi Umm Haram, radhi za Allah ziwe juu yake. Benki kubwa za kisiwa kile zilipata hasara nzito kwa sababu ya madeni ya Ugiriki, na Serikali ikawa inahitaji mkopo wa nje. Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Machi 2013, watu waliamka wakasikia kwamba kila mwenye amana benki atakatwa: asilimia 6.75 kwa aliye na chini ya euro 100,000, na asilimia 9.9 kwa aliyezidi hapo. Milango ya benki ikafungwa mpaka tarehe 28. Mjane mwenye akiba ya mazishi na tajiri mwenye majumba wakatiwa katika chombo kimoja. Tarehe 19 Bunge likaukataa mpango ule, wala hapana mbunge hata mmoja aliyeupigia kura ya ndiyo. Mapatano mapya yakawaacha salama wenye akiba ndogo, na mzigo ukaangukia amana kubwa za benki mbili zilizoharibikiwa.

Sasa, ndugu zangu, dini yasemaje? Zaka ni moja katika arobaini. Hutolewa na mwenye kufikisha nisabu, baada ya mwaka kutimia, na wanaostahiki kuipokea wametajwa katika Qurani. Hapana anayeshtukizwa nayo usiku. Ama kutoza zaidi ya zaka wakati wa dhiki, wanazuoni hawakulifunga jambo hilo kabisa, bali waliliwekea masharti.

Mwaka 1260 Wamongolia walikuwa wamekwisha iangusha Baghdad na wanaikaribia Misri. Sultani Qutuz alitaka kutoza mali za raia ili aandae jeshi. Alipoulizwa Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, hakusema haifai, wala hakusema chukueni mtakavyo. Alijibu kwa maana hii: inajuzu, ikiwa Baitul Mali haina kitu, na ikiwa maamiri wameuza kwanza mishipi yao ya dhahabu na vyombo vyao vya thamani, kila askari akabaki na farasi wake na silaha yake, wakawa sawa na watu wa kawaida. Ama kumtoza raia ilhali wakubwa wamekalia mapambo yao, hapana. Mwaka uleule Wamongolia walishindwa Ain Jalut.

Hapo nikapata jibu la yule mama. Nilimwambia: dola ina haki ya kuomba msaada wa raia wake, kwani zahanati haijengwi kwa maneno. Lakini iko mizani ya mambo manne: haja iwe ya kweli; wakubwa waanze kujinyima wao; mzigo upimwe kwa mabega ya mbebaji; na jambo litangazwe mapema, hesabu yake ionekane. Likikosekana moja katika hayo, raia ana haki ya kusema, kwa adabu na kwa njia za sheria. Waliosema hapa kwetu walisikilizwa, na waliosema Cyprus walisikilizwa.

Nanyi vijana, msichukue katika habari hizi funzo la kuzika fedha shimoni. Mwizi, moto na mchwa hawana bunge la kuwazuia, na kisa cha Uganda chaonyesha kuwa hata ya shimoni hufikiwa. Bali igawanyeni akiba: nyingine iwe benki, nyingine iwe mbuzi au minazi, nyingine iwe chombo cha kazi. Andikeni kila kiingiacho na kitokacho, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Na atakayejaaliwa kukaa katika kiti cha kukata kodi, aukumbuke mgongo wa mama yule uliopinda juu ya kamba za mwani, ajiulize kama yeye mwenyewe amekwisha uvua mshipi wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wenye huruma, raia wenye uaminifu, na riziki ya halali yenye baraka. Amin.