Laptopu ya "Kijani": Ipime Kabla ya Kulipa

Biashara nyingi katika Migori na Homa Bay sasa haziendeshwi kwa daftari pekee. Ankara za kodi hutolewa kupitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru (KRA), maombi ya vibali hupitia eCitizen, na hesabu za chama cha akiba huwekwa kwenye kompyuta. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Rongo, mwenye saiba Kendu Bay na karani wa ushirika wa wavuvi Mbita wote wanahitaji mashine ya kutegemewa.

Wakienda dukani, watakutana na laptopu zinazouzwa kwa sifa mpya: kwamba zimetengenezwa kwa plastiki au chuma kilichochakatwa upya, na kwamba ni rafiki kwa mazingira. Nyingine huuzwa ghali kuliko za kawaida. Je, mnunuzi analipia nini hasa? Makala haya yanaeleza jinsi ya kujua.

Asilimia ya nini?

Swali la kwanza kumwuliza muuzaji ni hili: asilimia inayotangazwa ni ya kitu gani? Mwaka wa 2021 kampuni ya Acer ilipotoa laptopu ya Aspire Vero, ilitangaza kwamba asilimia 30 ya plastiki ya gamba lake, na asilimia 50 ya plastiki ya vitufe, ilitokana na plastiki iliyokwisha kutumiwa. Mwaka wa 2019 HP ilitoa Elite Dragonfly, laptopu ya kibiashara, ambayo kasha la spika zake lilikuwa na plastiki iliyookotwa kabla ya kuingia baharini. Hizo ni hatua njema, lakini kasha la spika ni kipande kidogo cha mashine nzima.

Tupige hesabu ya mfano. Laptopu ina uzito wa gramu 1,800, na gamba lake la plastiki lina gramu 600. Asilimia 30 ya gamba ni gramu 180, yaani sehemu moja tu kati ya kumi ya laptopu yote. Tangazo halikudanganya, ila msomaji asiyeuliza anaweza kudhani ameambiwa jambo kubwa zaidi.

Gamba likiwa la alumini iliyochakatwa upya, faida yake ni wazi zaidi. Kuyeyusha alumini kuukuu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuizalisha upya kutoka kwa madini.

Alama za kutafuta

Neno "kijani" kwenye katoni halina uzito likisimama peke yake. Tafuta alama inayotolewa na chombo kisicho mtengenezaji mwenyewe. EPEAT hupanga mashine katika ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na orodha yake inasomwa bila malipo kwenye intaneti. TCO Certified, iliyoanzia Uswidi, huangalia pia hali ya wafanyakazi viwandani. Energy Star huhusu matumizi ya umeme tu, wala haisemi lolote kuhusu nyenzo zilizochakatwa. Hakikisha jina na nambari ya modeli uliyoshika ndiyo iliyo kwenye orodha, kwa kuwa kampuni moja huwa na modeli nyingi.

Umri ndio kipimo kikuu

Sehemu kubwa ya hewa chafu inayosababishwa na laptopu hutokea kabla haijawashwa mara ya kwanza: wakati wa kuchimba madini, kutengeneza vipuri na kusafirisha. Kwa hiyo laptopu inayotumika miaka sita huyanufaisha mazingira kuliko mbili za miaka mitatu mitatu, hata kama hizo mbili zina plastiki nyingi iliyochakatwa.

Mfuko nao hunufaika. Tuseme moja inauzwa Sh90,000 na kudumu miaka sita: ni Sh15,000 kwa mwaka. Nyingine ni Sh60,000 na inadumu miaka mitatu: ni Sh20,000 kwa mwaka. Iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

Kabla ya kulipa, uliza:

- Je, betri imefungwa kwa skrubu au kwa gundi? Betri huchoka kabla ya mashine, na fundi anapaswa kuweza kuibadilisha.
- Je, RAM na diski zinaweza kuongezwa, au zimechomelewa kwenye bodi?
- Je, vipuri vinapatikana Kisumu au Nairobi, na dhamana inatambuliwa hapa Kenya?
- Je, programu zake zitaendelea kupata masasisho ya usalama kwa miaka mingapi? Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazitimizi masharti ya Windows 11.
- Je, itavumilia joto na unyevu wa kando ya Ziwa Victoria na vumbi la barabara za murram?

Usiidharau laptopu ya kibiashara iliyotumika na kukarabatiwa vizuri. Ikiwa inapokea masasisho, ina betri nzuri na muuzaji anatoa dhamana ya maandishi, inaweza kuwa ya kijani kuliko mpya, kwa sababu haikuhitaji kutengenezwa upya.

Inapokufa

Mwaka wa 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kuchakatwa kwa njia rasmi. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, moshi wake ni sumu. Risasi iliyo kwenye bodi kuukuu ikitupwa shimoni huweza kuingia udongoni na kufika kwenye maji. Betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka kwa moto.

Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawawajibisha watengenezaji na waagizaji kwa bidhaa zao hata baada ya matumizi. Basi muulize muuzaji kama atapokea mashine kuukuu. Akikosa jibu, ofisi ya NEMA katika kaunti yako inaweza kukueleza ni nani mwenye leseni ya kushughulikia taka hizo. Jijini Nairobi, WEEE Centre imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Kabla ya kuitoa mashine, futa data kikamilifu. Orodha ya wanachama wa chama chako na nambari zao za vitambulisho zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya maelezo anayohitaji ili azitumie kwa manufaa kamili. Kuuliza maswali haya si kumsumbua muuzaji. Andika modeli, nenda nayo nyumbani, ilinganishe na nyingine, kisha urudi na uamuzi. Ukinunua, tunza risiti na cheti cha dhamana mahali pamoja, maana siku ya hitilafu ndivyo vitakavyokusemea.