Giaboksi ya Otomatiki: Namna Inavyofanya Kazi na Namna ya Kuifumua

Mji wa Arusha uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya miteremko ya kusini ya Mlima Meru. Kwa kuwa ndio mlango wa kuendea Ngorongoro na Serengeti, mji huu una magari mengi yanayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, na mengi kati ya hayo ni ya zamani. Aghalabu magari hayo yana giaboksi ya kawaida, ambayo dereva huiendesha kwa mkono na kwa kukanyaga klachi. Hata hivyo yapo yenye giaboksi ya otomatiki, kama vile baadhi ya Toyota Land Cruiser za muundo wa 80, ulioingia sokoni mwaka 1990, na Range Rover na Discovery za miaka ya 1980 na 1990.

Giaboksi ya namna hii inapoharibika, mwenye gari hukabiliwa na uamuzi mgumu. Ama anunue nyingine iliyokwisha kutumika, ambayo hali yake ya ndani haijulikani, ama ile aliyo nayo ifumuliwe na kuundwa upya. Njia ya pili yaweza kuokoa fedha nyingi, lakini pale tu ambapo fundi ametambua sababu ya uharibifu. Asipoitambua, vipuri vipya vitaungua kama vilivyoungua vya zamani. Kazi hii basi ni ya fizikia kabla ya kuwa ya spana.

Konveta

Injini ya gari haiwezi kuvuta ikiwa imesimama; sharti izunguke. Kwa hiyo lazima kuwe na kiungo kati ya injini na giaboksi kinachoruhusu upande mmoja uzunguke huku mwingine umetulia. Katika gari la kawaida kiungo hicho ni klachi. Katika gari la otomatiki ni chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambacho mafundi hukiita konveta. Asili yake ni uvumbuzi wa Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza mwaka 1905 kwa ajili ya mitambo ya meli.

Ndani ya konveta mna feni mbili zinazotazamana. Ya kwanza huzungushwa na injini na kuisukuma oili. Ya pili hupigwa na oili hiyo na kuzungusha shafti ya giaboksi. Katikati yake mna feni ndogo ya tatu, inayoweza kuzunguka upande mmoja tu. Kazi yake ni kuigeuza oili inayorudi ili isiipinge feni ya kwanza. Kwa msaada huo nguvu ya kuzungusha huweza kufikia takriban mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini wakati gari linapoanza kuondoka.

Faida hiyo ina gharama yake, nayo ni joto. Chukua mfano wa injini inayotoa kilowati 50 wakati magurudumu yamezuiwa kabisa na matope. Nguvu yote hiyo hubaki ndani ya oili. Kwa sekunde 10 zitapatikana kilojuli 500. Ikiwa oili ni kilo 7, na kila kilo huhitaji kilojuli 2 hivi ili ipande nyuzi moja ya Sentigredi, halijoto yake itapanda kwa nyuzi 36 hivi. Oili iliyokuwa na nyuzi 90 itapita nyuzi 120, kiwango ambacho huanza kuharibika upesi.

Gia za sayari

Baada ya konveta nguvu huingia katika mafungu ya gia za sayari. Kila fungu lina gia ya katikati iitwayo jua, gia ndogo zinazoizunguka ziitwazo sayari, kibebeo kinachozishikilia sayari hizo, na gia kubwa ya nje yenye meno kwa ndani iitwayo pete. Meno yote huwa yameshikana wakati wote. Kinachobadilika ni sehemu ipi imezuiwa isizunguke.

Mwanafunzi na achukue jua lenye meno 30 na pete yenye meno 60. Pete ikizuiwa na jua likazungushwa, kibebeo kitazunguka mara moja kwa kila mizunguko 3 ya jua. Hiyo ni gia nzito ya kupandia mlima. Jua likizuiwa na pete ikazungushwa, kibebeo kitazunguka mara moja kwa kila mzunguko 1.5 wa pete. Kibebeo kikizuiwa na jua likazungushwa, pete itazunguka kinyume, mara moja kwa kila mizunguko 2 ya jua. Hiyo ni gia ya kurudi nyuma. Sehemu mbili zikifungwa pamoja, fungu zima huzunguka kama kitu kimoja.

Kwa kuunganisha mafungu kadhaa, watengenezaji hupata gia tatu, nne au zaidi. Giaboksi ya Kijerumani ya ZF 4HP22, iliyotumiwa katika Range Rover na Discovery, ina gia nne za kwenda mbele zenye uwiano wa 2.48, 1.48, 1.00 na 0.73.

Oili yenye kazi nne

Sehemu za gia za sayari huzuiwa kwa breki na kuunganishwa kwa klachi ndogo. Klachi hizo ni visahani vya chuma vilivyopangwa kwa zamu na visahani vyenye utando wa msuguano, ambao kwa kawaida hutengenezwa kwa nyuzinyuzi zinazofanana na karatasi ngumu. Pistoni inayosukumwa na oili huvibana visahani hivyo pamoja.

Kani ya pistoni ni kanieneo ya oili ikizidishwa kwa eneo la pistoni. Kanieneo ikiwa paskali 1,000,000, ambayo ni kama mara kumi ya ile ya hewa ya pwani, na eneo likiwa sentimita za mraba 100, kani itakuwa nyutoni 10,000. Springi ya kurudishia pistoni ikipinga kwa nyutoni 1,000, hubaki nyutoni 9,000 za kubana visahani. Iwapo sili ya mpira imekakamaa na kuvujisha hata kanieneo ikashuka kwa nusu, hubaki nyutoni 4,000 tu. Visahani huteleza, huchemka, na utando wake huungua. Hivyo sili ndogo ya bei nafuu huweza kuua klachi nzima.

Oili basi ina kazi nne: kupeleka nguvu katika konveta, kusukuma pistoni, kulainisha, na kuondoa joto kwenda kwenye kipozeo. 

Mzigo wa mlima

Kwenye miteremko ya Meru kila moja ya kazi hizo huwa ngumu zaidi. Katika kimo cha mita 2,500 densiti ya hewa ni kama asilimia 78 tu ya ile ya pwani. Injini isiyo na tabochaja hupungukiwa nguvu, dereva hukanyaga zaidi, konveta huteleza zaidi, na hewa nyepesi huondoa joto kidogo zaidi kwenye kipozeo. Wakati wa masika huongezeka tope la udongo wa volkano.

Kushuka kuna hatari yake. Kibanda cha Miriakamba kiko kwenye mita 2,500 hivi, na lango la Momella kwenye mita 1,500 hivi. Gari la kilo 2,400 linaloshuka mita hizo 1,000 hupoteza nishati ya megajuli 23.5. Nishati hiyo yatosha kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Ikiachiwa breki peke yake, breki hupata joto hata zikashindwa kushika. Ndiyo maana dereva huweka gia ya chini, ili injini isaidie kulizuia gari.

Hapa pana jambo ambalo kila dereva wa milimani apaswa kulijua. Katika giaboksi nyingi za namna hii, gari linapopanda kwa gia ya kwanza katika nafasi ya D, kibebeo huzuiwa na klachi ya upande mmoja, ambayo huachia mara gari linapoanza kuisukuma injini. Dereva anapoweka nafasi ya L au 1, breki ya ziada hukaza, na breki hiyo hiyo ndiyo itumikayo kurudi nyuma. Kwa hiyo gari linalopanda vizuri lakini linarudi nyuma kwa shida huenda pia lisizuiwe na injini kwenye mteremko. Ishara ndogo inayoonekana gereji huwa onyo la hatari kubwa mlimani.

Kuchunguza kabla ya kufumua

Fundi mwangalifu hashushi giaboksi kabla ya kuichunguza. Kwanza hutazama oili. Aina nyingi za oili hii ni nyekundu na angavu zikiwa mpya. Ikiwa ya kahawia na yenye harufu ya kuungua, visahani vimeteleza. Ikiwa kama maziwa ya rangi ya waridi, maji yameingia, ama kutoka kwenye rejeta yenye kipozeo kilichotoboka, ama kutokana na kuvuka mto. Maji hulegeza utando wa visahani, na hapo hakuna budi kufumua.

Pili hupima kanieneo kwa geji. Kanieneo ikiwa chini katika gia zote, hushukiwa pampu, chujio au vali kuu. Ikiwa chini katika gia moja tu, hushukiwa sili ya klachi ya gia hiyo. Kipimo cha kukanyaga mafuta huku gari limefungwa breki hakipaswi kuzidi sekunde tano, kwa sababu ya joto lililokwisha kuelezwa.

Kufumua na kuunda upya

Giaboksi hushushwa pamoja na konveta yake. Usafi ni sharti la kwanza: vumbi jembamba la volkano au uzi wa kitambaa waweza kukwamisha vali ambayo nafasi yake ni sehemu ndogo ya milimita. Vipande hupangwa mezani kwa utaratibu vilivyotoka, na mahali pa kila golori na kila springi ya vali huandikwa.

Sili zote na visahani vyote vya msuguano hubadilishwa. Visahani vya chuma vyenye madoa ya buluu hutupwa, kwani buluu ni alama ya joto kali. Visahani vipya hulowekwa katika oili kabla ya kufungwa, visije vikaungua katika dakika za kwanza. Nafasi kati ya visahani hupimwa kwa vipimo vya unene na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Kisha hewa iliyogandamizwa hupulizwa katika tundu la kila pistoni: ikisikika ikigonga na kushika, sili ni nzima, ikisikika mvumo wa hewa tu, hufunguliwa tena.

Makosa mawili huharibu kazi yote. La kwanza ni kutosafisha kipozeo na mabomba yake, hata masalia ya visahani vya zamani yakaingia katika giaboksi mpya. La pili ni kufunga boliti kabla konveta haijaingia barabara katika pampu. Pampu huvunjika injini inapowashwa.

Gari likikwama njiani

Pampu ya oili huzungushwa na injini, si na magurudumu. Kutokana na ukweli huo mmoja hupatikana maonyo mawili. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, kwa sababu bila kanieneo hakuna klachi inayoshika. Tena halifai kuvutwa likiwa linabiringika mwendo mrefu, kwa sababu shafti huzunguka zikiwa kavu. Libebwe juu ya lori, au propela shafti zote zitolewe kwanza.

Kwa walimu

Giaboksi iliyokwisha kutupwa ni kifaa bora cha kufundishia. Ikishasafishwa, wanafunzi waweza kuhesabu meno ya jua na pete, kukokotoa uwiano, kisha kuzungusha kwa mkono na kuona kama hesabu yao ni sawa. Waweza pia kupima eneo la pistoni na kutafuta kani yake kwa kanieneo waliyopewa. Mwanafunzi aliyefanya hivyo hataiona tena giaboksi kama sanduku la siri, na akiwa fundi atauliza kwanza kwa nini kisahani kimeungua kabla ya kufunga kingine.