Joto na chaji iliyojaa kutwa huua betri ya kompyuta mpakato

WAMILIKI wengi wa kompyuta mpakato hugundua kuwa betri imechoka siku umeme unapokatika. Kazi ya saa nzima ambayo haijahifadhiwa hupotea ghafla, ilhali mashine hiyo hiyo ilipokuwa mpya ilimudu saa kadhaa bila waya.

Kila betri huzeeka. Hata hivyo, kasi ya kuzeeka kwake hutegemea sana matumizi, na baadhi ya mazoea yanayodhaniwa kuwa ni matunzo ndiyo yanayoimaliza mapema.

Mfano ni desturi ya kuiacha betri iishe kabisa ndipo ichajiwe. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zilipochajiwa mara kwa mara kabla ya kuisha ziliweza kupoteza sehemu ya uwezo wake.

Kompyuta za leo hutumia betri za ayoni za lithiamu, zilizoingizwa sokoni na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Wanasayansi John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyozaa betri hizo. Kwa aina hii, kuimaliza chaji hadi sifuri kila mara hakuna faida, bali huidhoofisha betri.

Ndani ya betri, ayoni za lithiamu husafiri kutoka ncha moja kwenda nyingine wakati wa kuchaji, na kurudi wakati wa matumizi. Katika safari hizo, kiasi kidogo cha lithiamu hunaswa kwenye utando unaojijenga juu ya ncha hasi, na hakifanyi kazi tena.

Mambo mawili huharakisha uharibifu huo: joto na volteji ya juu. Volteji hufikia kilele betri inapojaa, kwa kawaida takriban volti 4.2 kwa kila seli.

Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa betri, betri iliyowekwa kwa mwaka mmoja ikiwa na chaji ya asilimia 40 katika nyuzi joto 25 hubakiwa na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwa imejaa, tena katika nyuzi 40, hubakiwa na takriban asilimia 65 tu.

Kwa mkazi wa mji wenye joto kama Dar es Salaam au Mombasa, somo ni wazi. Kompyuta isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala isitumiwe juu ya godoro au mto unaoziba matundu ya hewa. Feni isafishwe vumbi.

Wengine huhofia kuwa kompyuta ikiachwa kwenye umeme itachajiwa kupita kiasi. Hilo halitokei, kwa kuwa saketi ya ndani husimamisha chaji betri inapojaa. Tatizo ni betri kukaa imejaa siku nzima, wiki hadi wiki, huku mashine ikiwa na joto.

Dawa yake imo ndani ya kompyuta nyingi mpya. Watengenezaji kadhaa, wakiwamo Lenovo, ASUS na Dell, huweka mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 au karibu na hapo. Anayefanya kazi mezani muda mwingi anufaike nao.

Si lazima mtu aishi kwa kuhesabu asilimia. Panapokuwa na taarifa ya mgawo wa umeme, au safari ndefu inapokaribia, betri ijazwe bila wasiwasi. Kujaa kwa saa chache hakuna madhara makubwa.

Aidha, kuichomoa betri ili 'isichoke' wakati kompyuta iko kwenye umeme ni hatari kwa kazi, kwani umeme ukikatika mashine huzimika papo hapo. Kompyuta isiyotumika kwa miezi mingi ihifadhiwe mahali pa baridi ikiwa na takriban nusu ya chaji.

Anayenunua kompyuta iliyotumika anaweza kujikinga. Katika mashine za Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Pengo likiwa kubwa, bei ya betri mpya iingizwe katika mapatano.

Betri iliyovimba isitumiwe tena, isitobolewe wala kuchomwa moto. Mwaka 2006, Dell ilirudisha takriban betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony kutokana na hatari ya kuwaka moto. Dalili ya uvimbe ikionekana, mashine izimwe na kupelekwa kwa fundi anayeaminika.